Jua Tunalo, Upepo Tunao: Mbona Bado Twalipia Mafuta ya Mitambo?

Ukinunua tokeni ya shilingi 500, si pesa zote zinazogeuka stima. Sehemu yake hukatwa kwa ushuru na gharama nyingine, na ndani ya makato hayo mna gharama ya mafuta. Hayo ni mafuta mazito yanayochomwa kwenye mitambo kama ile ya Kipevu na Rabai, hapa hapa kwetu Pwani. Hununuliwa ng'ambo kwa dola. Bei ikipanda huko, mama anayeuza barafu Kisauni na mvuvi mwenye friza ya samaki Malindi huiona kwenye tokeni zao.

Wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza: si tunaambiwa takriban asilimia 90 ya stima ya Kenya yatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua? Na Langobaya, Kaunti ya Kilifi, si kuna mitambo ya jua ya megawati 40 iliyoanza kazi mwishoni mwa 2021? Basi mafuta ni ya nini?

Jibu ni kwamba kuzalisha stima ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuifikisha inakotakiwa, kwa saa inayotakiwa, bila gridi kuyumba.

Upepo uliokosa njia

Tazama yaliyotokea Ziwa Turkana. Mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imesimamishwa Loiyangalani kufikia 2017. Lakini laini ya kuipeleka stima hiyo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Kulikuwa na mizozo ya fidia ya ardhi, kisha mkandarasi kutoka Uhispania akafilisika. Laini iliunganishwa Septemba 2018. Muda wote huo mkataba ulikuwa unaendelea kuhesabu, na Kenya ikadaiwa mabilioni ya shilingi kwa stima ambayo haikumulika hata taa moja.

Sisi pia tuna yetu. Laini kubwa ya kutoka Nairobi hadi Mombasa ilijengwa kwa kilovolti 400. Hata hivyo kwa miaka kadhaa ilibeba kilovolti 220 tu, kwa kuwa kituo cha Mariakani cha kuipokea kilikuwa hakijakamilika. Mombasa iko mbali na mvuke wa Olkaria, na stima ikisafiri mwendo mrefu hivyo hupungua nguvu. Ndipo mitambo ya mafuta ya Pwani huwashwa ili kuishikilia.

Laini ikifika, faida huonekana. Lamu ilikuwa ikitegemea jenereta za dizeli, mpaka laini ya kutoka Rabai ikapita Malindi na Garsen na kuiunganisha na gridi ya taifa.

Jua likichwa

Tatizo la pili ni saa. Jua la Langobaya huchwa jioni, na huo ndio wakati watu wanarudi nyumbani, wanawasha taa, feni na televisheni. Matumizi hupanda jua likiwa limekwisha kwenda zake. Usiku wa manane mambo hugeuka: upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu ilhali nchi imelala, na pale Olkaria mvuke mwingine huachiliwa hewani kwa kukosa mtumiaji.

Dawa yake ni kuweka akiba kwenye betri kubwa, na kuwavuta watu watumie stima saa ambazo ni nyingi. Tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji magari na pikipiki za umeme, nayo hushuka zaidi usiku. Kwa vijana wetu wa bodaboda, hilo si jambo dogo.

Tatu ni uthabiti. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilibaki gizani. Kenya Power ilisema imepoteza stima ya Turkana. Kampuni ya upepo nayo ikasema mitambo yake ilizimwa na hitilafu ya gridi. Vyovyote iwavyo, upepo na jua havizuii kupatikana kwa stima ya kutegemewa, bali vyahitaji gridi yenye akiba ya haraka.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Kawi ya 2019 imefungua milango miwili ambayo Wapwani wachache wanaijua. Wa kwanza ni kwa mwenye paneli za jua juu ya paa. Anaweza kuweka mita inayohesabu pande mbili, mradi mtambo wake usizidi megawati moja. Stima anayobakiza mchana huingia kwenye gridi, naye hupunguziwa bili yake, ingawa halipwi pesa taslimu. Kanuni zake zilitoka 2024. Hebu fikiria mapaa ya hoteli za Diani na Watamu, shule na maghala ya bandarini.

Mlango wa pili ni wa kaunti. Sheria yaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa waziri. Mpango huo ndio wa kuonyesha vijiji visivyo na waya, laini zinazohitajika na mahali pa kujenga betri.

Basi kiongozi akija barazani kuahidi mradi mpya wa jua au upepo, msimpigie makofi kwanza. Muulizeni: stima itapita laini gani, na laini hiyo itakamilika lini? Wenye ardhi watalipwa kabla ya nguzo kusimamishwa? Jua likichwa, kuna akiba gani? Asipokuwa na majibu, gharama ya mafuta itaendelea kukatwa kwenye tokeni zetu.