Maji moto kambini: Usije ukaoga punda mzima

WAKAZI wa mijini tuna tabia moja. Tukifungua mfereji na maji yakatoka, hatuulizi yametoka wapi. Tukibonyeza swichi ya shawa na mvuke ukapanda, hatuulizi moto umetoka wapi. Ni mpaka siku tutakapofunga hema na kwenda kulala mashambani ndipo tunapogundua kwamba kuoga maji moto ni kazi yenye hesabu zake.

Mimi niligundua hayo Mukuyuni, Kaunti ya Makueni, katika likizo moja ya Agosti. Tulitoka Nairobi alfajiri, tukapita Machakos, Katumani na Kola, tukafika kwa mama yangu mzazi ambaye watoto wangu humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Nyumba yake ni ndogo nasi tulikuwa sita, kwa hivyo tukapiga kambi. Mahema mawili tuliyasimamisha karibu na mti mkubwa wa mkuyu. Mti huo ndio uliopewa heshima katika jina la mahali penyewe, kwani Wakamba huuita mukuyu, na Mukuyuni ni penye mkuyu. Wazee husema mkuyu haupendi kukaa mbali na maji. Lakini maji hayo huwa chini ya mchanga, si juu yake.

Msomaji ambaye hajafika Ukambani mwezi wa Agosti huenda akadhani huko ni jua kali siku zote. La hasha! Asubuhi hugubikwa na mawingu, na upepo wa vilimani hupenya hadi mifupani. Watoto waliamka wakitetemeka na kudai maji moto. Nami, kwa kutaka kuonyesha ufundi wa mjini, nikapandisha pipa juu ya kibebeo cha gari, nikafunga mpira na kichwa cha shawa, kisha nikachemsha masufuria mawili makubwa na kuyachanganya na maji baridi. Pipa lilikuwa na lita 80 hivi.

Kijana wangu wa miaka 14 akaingia wa kwanza. Aliimba nyimbo zake zote. Alipotoka, dakika kumi baadaye, pipa lilikuwa tupu, na wengine watano tulikuwa tumesimama na taulo mabegani.

Susu alitazama pipa, kisha akamtazama punda wake aliyekuwa akipumzika kivulini. Punda hubeba jerikeni nne za lita 20 kila anapokwenda mtoni. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, huyu mtoto ameoga punda mzima."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza upya namna ya kuoga.

Tatizo ni kipimo

Shawa ya kawaida ya mjini humwaga lita nane hivi kwa dakika, na nyingine hupita hapo. Dakika kumi ni lita 80. Familia ya watu sita ikioga hivyo itamaliza karibu lita 480 kwa siku, yaani safari sita za punda. Mtu anayeogea ndoo na kopo hutosheka na lita 10 hadi 15, naye hutoka safi kama huyo mwingine.

Katika nchi kama hii, maji hayo yote hutoka mbali. Mito mingi ya Ukambani ni mito ya mchanga; mvua ikikatika hukauka juu, na watu huchimba visima vifupi katika mchanga. Ndiyo sababu vikundi vya wananchi vimejenga mabwawa ya mchanga, kuta za zege zinazokatiza mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji yasichukuliwe na jua. Kikundi cha Utooni kule Kola, kilichoanza mwaka 1978, ni miongoni mwa vilivyosifika kwa kazi hiyo. Anayemwaga maji ovyo kambini humwaga jasho la watu hao.

Hata wakubwa wa zamani walioga maji moto kambini, lakini tuulize ni nani aliyeyabeba. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alianza safari yake ya uwindaji katika nyanda za Kapiti, papa hapa upande wa Machakos. Aliandika kwamba katika nchi za joto mtu huhitaji kuoga maji moto, wala si baridi. Nyuma ya hema lake kulikuwa na chumba kidogo cha kuogea. Lakini alikuwa na wapagazi zaidi ya 200! Sisi wengine tuna punda mmoja.

Acha jua lianze kazi

Kifaa cha bei nafuu kuliko vyote ni jerikeni nyeusi. Kama huna nyeusi, paka rangi nyeusi ile uliyo nayo, uijaze maji na kuiweka juu ya bati au jiwe mahali pasipo na upepo tangu saa tatu asubuhi. Maduka ya vifaa vya kambi huuza pia mifuko myeusi ya plastiki nene ya lita 20, yenye mpira na kichwa cha shawa. Mfuko hupata joto upesi kuliko jerikeni kwa sababu ukilazwa hutandaza maji mbele ya jua.

Siku ya jua kali, mfuko huo unaweza kufika nyuzi 40 au zaidi ifikapo saa tisa alasiri, na hilo ni joto tosha la kuoga. Kwa hivyo ogeni alasiri, msingoje usiku maji yapoe. Aidha, pima joto kabla ya kumweka mtoto chini yake.

Siku ya mawingu je? Hapo wengi hukata tamaa na kulirudisha jerikeni kivulini. Ni kosa. Hata maji ya vuguvugu ni faida. Ukitaka lita 13 na nusu za kuoga zenye nyuzi 40, na maji yako yana nyuzi 20, utachanganya lita 10 za baridi na lita 3 na nusu zilizochemka. Lakini jua likishayafikisha nyuzi 30 tu, utahitaji lita 2 hivi zilizochemka. Umeokoa karibu nusu ya kuni.

Kuni, gesi na umeme

Mafiga matatu ndiyo hita kongwe kuliko zote, lakini hula kuni kwa pupa, na Ukambani kuni si mali ya bure. Mwaka 2018 Kaunti jirani ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa kwa ajili ya kunusuru miti. Kwa hivyo zungushia moto wako mawe au matofali, acha mlango mmoja wa kuni, na ufunike sufuria. Kifuniko hicho kidogo huokoa joto jingi. Wenye makaa watumie lile jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, maana udongo huzuia joto lisipotee.

Wanaopiga kambi mahali pamoja kwa majuma mengi wanaweza kuiga kambi za watalii. Huko huweka pipa la chuma, hulijengea ukuta wa matofali na kuwasha moto chini yake. Maji baridi yakiingizwa chini ya pipa, yale ya moto hutokea juu. Wenyewe huliita boila ya Tanganyika. Lisizibwe kamwe pande zote, kwani mvuke uliokosa njia hupasua chuma.

Gesi ni safi na ya haraka. Kuchemsha lita 3 na nusu katika sufuria iliyofunikwa hutumia gramu 50 hivi, kwa hivyo mtungi wa kilo sita waweza kuogesha watu zaidi ya mara 100 kama hupikii. Wazungu wenye nyumba za magurudumu zivutwazo na magari huwa na hita ndogo ya gesi iliyofungwa ukutani, lakini angalia jambo moja: hita hiyo ina bomba la kutolea moshi nje. Hilo si pambo.

Ama kuhusu betri ya gari, usijaribu. Betri ya volti 12 na ampia 50 kwa saa, ikiwa imejaa kabisa, ina nguvu za kutosha kupasha moto ndoo moja tu ya lita 20. Utaoga vizuri, kisha usukume gari hadi Machakos. Na mahali penye stima, ile koili ya kuchovya ndooni ni hatari katika mikono ya watoto. Ichomoe ukutani kwanza, ndipo uguse maji.

Hatari mbili zisizosahaulika

Ya kwanza ni jiko la makaa ndani ya hema au bafu lililofungwa. Usiku wa baridi, mtu huona ni busara kuingiza jiko ili watoto waoge bila kutetemeka. Makaa yanayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Humfanya mtu aumwe na kichwa, alegee, asinzie, na asiamke tena. Kuacha upenyo mdogo si kinga. Jiko libaki nje, hata likionekana limezimika. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nayo isiingizwe.

Ya pili ni maji yenyewe. Maji ya nyuzi 60 humbabua mtu mzima kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto ni nyororo zaidi. Kanuni ni hii: maji baridi hutangulia kwenye ndoo, ya moto hufuata. Ukianza na ya moto, mtoto anaweza kutumbukia kabla hujarudi na ya baridi. Koroga, kisha pima kwa kiwiko chako. Sufuria isibebwe juu ya vichwa vya watoto wanaocheza.

Mtu akiungua, mwagilia jeraha maji baridi safi kwa dakika 20, lifunike kwa kitambaa safi, umpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, samli wala unga. Je, mahali pasipo mfereji dakika 20 za maji zitatoka wapi? Tangu siku ile, jerikeni moja ya maji baridi haiguswi katika kambi yetu. Ni akiba ya ajali.

Bafu chini ya mti

Chagua mahali penye mteremko, mbali na kisima na mto. Simamisha miti minne, uizungushie magunia au turubai, na utandaze mawe bapa chini ili miguu isikanyage matope. Maji machafu yaelekeze kwenye mwembe au mchungwa. Makueni haikosi hiyo.

Anayetamani shawa atoboe ndoo na kuifunga kifereji na kichwa cha matundu, kisha aining'inize kwenye tawi imara, kwani lita 13 ni kilo 13. Jilowanishe, funga maji, jipake sabuni, halafu fungua ujisuuze. Siri ya kuokoa maji imo katika kule kufunga.

Wala msiwaache watoto wakaogelea katika madimbwi yaliyotuama. Konokono wa majini hueneza kichocho, na vijidudu hivyo huingia kupitia ngozi bila kubisha hodi. Maji ya dimbwi yachemshwe kabla ya kuogea, au yakae siku mbili ndani ya chombo safi kilichofunikwa.

Siku ya tatu tuliamka mapema. Jerikeni nne za punda tulizianika kwenye mawe, na ilipotimu saa tisa tukaongeza maji yaliyochemka. Kila mmoja alipimiwa ndoo yake, na kijana yule mwimbaji akapewa kazi ya kupima. Alikoga mwisho, bila wimbo.

Susu alipopita kutazama, mzigo mmoja wa punda ulikuwa umetuogesha sote sita, na jerikeni ya akiba ilikuwa imejaa pale pale. Akacheka. Kisha akaomba na yeye apimiwe ndoo, ajaribu hiyo shawa ya Nairobi.