Mabingobingo: Nyasi za Mtoni Zilizohamia Shambani

Mabingobingo (Cenchrus purpureus) ni nyasi za asili ya Afrika, ziotazo kandokando ya mito penye rutuba, zikaweza kufikia urefu wa mita 4. Mfugaji wa Tunduma au Mbozi afugaye ng'ombe bandani huweza kuzipanda kwa vipande vya shina vyenye pingili 3, mbili zikifukiwa udongoni, na kuzikata zifikapo mita 1.

Lakini kipande kigonjwa huzaa shina gonjwa. Ndivyo ueneavyo ugonjwa wa kudumaa, uliokwisha kuharibu malisho nchini Kenya na Uganda. Huenezwa pia na wadudu wafyonzao utomvu. Shina lenye majani ya manjano na machipukizi mengi mafupi lisipandwe kamwe, bali ling'olewe na kuchomwa moto.