Dawa za watoto wenye virusi: nani analipa nini?

UZI. Wadau wa Murang'a, Nyeri na Mlima kwa jumla, kwenye mikutano tunasikia haya mawili: "dawa za HIV ni bure" na "kaunti imelala." Kila moja ni nusu ya ukweli, hasa kwa watoto.

Mtoto ana mambo yake. Kile kipimo cha kudunga kidole hakitoshi akiwa chini ya miezi 18, maana kinaweza kuonyesha kingamwili za mamake. Anahitaji PCR: akiwa na wiki 6, matone ya damu ya kisigino kwenye karatasi. Mara nyingi karatasi hiyo husafirishwa hadi maabara kubwa nje ya kaunti, kama za KEMRI. Kisha majibu yarudi, mama atafutwe, dawa ianzwe. Na hakuna muda: bila matibabu, karibu nusu ya watoto waliozaliwa na virusi hufa kabla ya miaka 2.

Sasa pesa. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, hospitali na zahanati za kaunti ni kazi ya kaunti. Lakini ARV, kwa miaka mingi, sehemu kubwa imenunuliwa na Global Fund na Marekani. Hiyo "bure" kuna mtu amelipa.

2021 tuliona. Shehena ya ARV za msaada wa Marekani ilikwama bandarini Mombasa, mvutano ukiwa ni ushuru na kutoaminiwa kwa KEMSA. Aprili, watoto wa Nyumbani, Nairobi, wakaandamana kudai dawa. Watoto, jamani! Na huo ndio mwaka Kenya ilianza kuwapa dolutegravir ya watoto, kidonge cha ladha ya stroberi kinachoyeyuka majini, badala ya dawa chungu walizokuwa wakitema.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wengi waliulizia dawa tu. Kwangu swali zito ni watu: anayempigia mama simu akikosa kliniki, anayepeleka sampuli, mama anayeishi na virusi anayewashauri wenzake. Wengi wao walilipwa na miradi ya wafadhili.

Basi akisimama jukwaani kusema "dawa zipo," muulize mshahara wa huyo anayepiga simu uko ukurasa gani wa bajeti ya kaunti. Makadirio hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla MCA hawajayapitisha.