Damu ya Kikwit na jicho la kirusi

Ebola ilipotangazwa tena Septemba 2025 huko Bulape, mkoani Kasai, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, taarifa nyingi ziliitaja dawa ya mAb114 na kupita. Hazikueleza kwamba dawa hiyo imetokana na damu ya mtu aliyepona katika mlipuko wa Kikwit wa mwaka 1995. Wakati ule Profesa Jean-Jacques Muyembe na madaktari wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya waliopona, na 7 wakanusurika, katika mlipuko ulioua takriban watu wanane kati ya kila kumi. Muyembe hakuwa mgeni wa maradhi haya: mwaka 1976 alifika Yambuku na kutoa damu za wagonjwa bila glovu, kabla ugonjwa haujapewa jina. Hata hivyo wataalamu wengi walilipuuza jaribio la Kikwit. Walisema watu 8 ni wachache, hakukuwa na kundi la kulinganisha, na damu ilitolewa mlipuko ukielekea kwisha, huduma zikiwa zimeshatengemaa. Hoja zote tatu ni za haki. Iliongezeka na ya nne, nzito zaidi: Guinea, wakati wa mlipuko mkubwa wa 2014 hadi 2016, wagonjwa walipewa utegili (plazma) wa damu ya waliopona na haukuonyesha manufaa ya wazi.

Nadhani jibu la ubishi huu limo katika namna kirusi kinavyoingia ndani ya seli, na hapo hakuna mfano unaonifaa kuliko nazi. Protini zinazojitokeza juu ya kirusi cha Ebola zimevaa makumbi, yaani tabaka nene la sukari na protini laini. Chini yake kuna kifuu, na kwenye kifuu kuna jicho, sehemu inayokifungulia kirusi njia ya kuingia ndani ya seli. Ajabu ni kwamba kirusi hakijifui chenyewe. Seli hukimeza kizimakizima ndani ya kifuko chenye uchachu, na humo vimeng'enya vya seli yenyewe hufanya kazi ya kifuo: huchana makumbi na kuyatupa. Jicho likiwa wazi, hunasa protini iitwayo NPC1, iliyomo katika ukuta wa kifuko, na kirusi humwaga mzigo wake ndani. Sasa fikiria kingamwili, yaani protini za ulinzi wa mwili. Nyingi katika damu ya aliyepona hung'ang'ania makumbi. Nazi ikifuliwa, nazo hutupwa pamoja nayo. Ile ya mAb114 hupenya makumbi na kukishika kifuu chenyewe. Makumbi yakiondoka, yenyewe inabaki imeziba jicho, na NPC1 haipati pa kushika. Mlinzi huyu huingia ndani ya nyumba pamoja na mwizi, akimkaba koo wakati seli inadhani imemeza chakula. Kwa hiyo utegili ni mchanganyiko ambamo kingamwili ya aina hii huenda ikawa chache mno au isiwemo kabisa. Guinea haikuthibitisha kwamba damu ya waliopona haina dawa. Ilionyesha kwamba dawa iliyomo haipatikani kwa kumimina tu.

Ilibidi kingamwili zichaguliwe moja moja. Mwaka 2006, miaka 11 baada ya mlipuko, damu ya aliyepona Kikwit ilichukuliwa upya, na seli za kinga zilizokuwa bado zinakikumbuka kirusi zikachujwa katika maabara za Marekani na Uswisi. Kipimo cha haki kilikuja mwishoni mwa 2018 katika jaribio lililopewa jina la Kiswahili, Pamoja Tulinde Maisha, huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina, mashariki mwa Kongo, Muyembe akiwa miongoni mwa viongozi wake. Wagonjwa 681 waligawiwa dawa nne kwa bahati nasibu. Waliopewa mAb114 walifariki asilimia 35. Waliopewa ZMapp, iliyokuwa ikitegemewa, karibu asilimia 50. Dawa nyingine ya kingamwili, REGN-EB3, ilifanya vizuri vilevile, jambo linalonipunguzia kidogo raha ya kuisifia nazi yangu. Kwa waliofika virusi vikiwa bado vichache mwilini, mAb114 ilipunguza vifo hadi mmoja hivi kati ya kumi. Aliyechelewa haimfai sana, na kwa Ebola ya aina ya Sudan, iliyozuka Uganda mwaka 2022 na tena 2025, haifanyi kazi.