Bakapu ipo, lakini imewahi kurejeshwa?

KAMPUNI nyingi siku hizi huweka hesabu zake zote ndani ya seva moja: mauzo, madeni ya wateja, mzigo ulioko ghalani na mishahara. Zikiulizwa usalama wa kumbukumbu hizo, jibu huwa kwamba bakapu inachukuliwa kila usiku. Swali linalokosa jibu ni hili: nakala hiyo ilirejeshwa lini mara ya mwisho kwenye mashine nyingine, na hesabu zikakubali?

Kisa cha GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu za kompyuta duniani, kinafaa kusomwa na kila mhasibu. Usiku wa Januari 31, 2017, mhandisi wake alikuwa akishughulikia seva ya pili ya kanzidata, iliyokuwa imeshindwa kwenda sambamba na seva kuu. Alitoa amri ya kufuta mafaili yake ili aanze upya. Amri ikaingia kwenye seva kuu. Alipoishtukia na kuisimamisha, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki kama 4.5 tu.

Hapo ndipo akiba ilipofunguliwa na kukutwa tupu. Programu ya kuchukua nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati kanzidata yenyewe ilikuwa ya toleo la 9.6, hivyo kazi ilikuwa ikikwama bila kuacha kitu. Barua pepe za kuonya zilitumwa kama ilivyopangwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa barua, na hakuna aliyezipata. Picha za diski zinazotolewa na mwenye mitambo hazikuwa zimewashwa kwa seva za kanzidata.

Kilichowaokoa ni bahati. Saa 6 hivi kabla ya ajali, mhandisi alikuwa amechukua nakala kwa mkono kwa ajili ya majaribio. Huduma ilirejea baada ya takriban saa 18, ikiwa imepoteza miradi kama 5,000, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Kampuni ilieleza yote hayo hadharani, jambo ambalo wafanyabiashara wachache wangethubutu.

Wengi hujidanganya hasa kwenye seva ya pili. Seva inayonakili kila kinachoandikwa kwenye seva kuu husaidia mashine ikiharibika, lakini ni kama karatasi ya kaboni chini ya kitabu cha risiti: mkono ukikosea juu, kosa linatokea na chini. Karani akifuta madeni ya mwezi mzima, yanafutika kote kuwili ndani ya sekunde chache. Nakala ya akiba ni ile iliyokatwa saa fulani na kuwekwa kando, isiyoguswa na amri za leo.

Nakala ya usiku nayo ina upungufu wake. Ikichukuliwa saa 6 usiku na seva ikafa saa 10 jioni, mauzo ya siku nzima yamekwenda. Ndiyo maana kanzidata kubwa huandika pia shajara ya kila muamala. Shajara ikipelekwa nje ya seva kila baada ya dakika chache, fundi huanza na nakala ya usiku, kisha hupitisha shajara juu yake hadi dakika moja kabla ya kosa. Kwa duka la jumla lenye foleni mchana kutwa, gharama ya ziada ni ndogo kuliko kuhojiana na wateja nani alilipa na nani hakulipa.

Muda nao una bei yake. Gigabaiti 300 zikivutwa kwa kasi ya megabiti 60 kwa sekunde huchukua saa 11, hata kama kila kitu ni kizima. Wakati huo malori yamesimama getini. Mwenye kampuni ndiye anayepaswa kusema anaweza kupoteza mauzo ya muda gani na kufunga kwa saa ngapi. Fundi hufuata agizo hilo kuchagua mtindo na bajeti. Mara nyingi mambo huenda kinyume: fundi anaamua peke yake na mkurugenzi anajua siku ya msiba.

Kuhusu mahali, moto ulioteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, Machi 10, 2021, uliwakuta baadhi ya wateja na nakala zao zikiwa hapo hapo. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva muda wote haina tofauti, kwani mwizi huibeba pamoja na seva, na virusi vinavyofunga mafaili ili kudai fedha huifunga nayo.

Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu kwa miaka isiyopungua 5.

Jaribio lenyewe halihitaji mtaalamu wa kigeni. Fundi achukue nakala ya jana, airejeshe kwenye kompyuta ya pembeni isiyounganishwa na mfumo wa mauzo, na saa ipimwe tangu mwanzo. Kisha mhasibu, si fundi, afungue jumla ya wadaiwa na kuilinganisha na taarifa iliyochapishwa jana jioni. Zikitofautiana hata kwa shilingi, kazi ya kutafuta sababu ianze siku hiyo hiyo.