Mbegu ya Muhogo Inavyopita Mkono kwa Mkono

Leo tunazungumzia muhogo. Nianze na swali: pingili ulizopanda msimu huu ulizipata kwa nani? Na yeye alizipata wapi?

Chukua kijiti uchore mchangani. Kila shamba liwe duara. Aliyempa mwenzake pingili, waunganishe kwa mstari. Utaona mashamba mengi yana mstari mmoja au miwili tu, lakini lipo moja, labda la bibi fulani mkarimu, lenye mistari kumi na zaidi. Huo ndio mtandao. Mwaka 1999 wataalamu Albert-László Barabási na Réka Albert walieleza kwamba hata kurasa za intaneti zimeungana hivyo: nyingi zina viungo vichache, na chache zina viungo vingi mno.

Sasa basi, ugonjwa wa michirizi ya kahawia, uliojulikana Tanganyika tangu miaka ya 1930, hufuata mistari hiyo. Inzi weupe huupeleka mashamba ya karibu. Wa kuuvusha mto ni mimi na wewe, na mzigo wa pingili begani. Tena ugonjwa huu ni mjanja: mti waweza kusimama kijani kabisa, kumbe chini mizizi ina madoa makavu ya kahawia, hailiki wala haiuziki. Hata Kiroba, mbegu inayouvumilia, inaweza kuubeba kimyakimya.

Ukiingia kwenye shamba la mstari mmoja, hasara ni ya mwenye shamba. Ukiingia kwa bibi yule, nusu ya kijiji itapanda ugonjwa. Jamani, msimlaumu, kosa lake ni kutokuwa mchoyo. Wala msimzuie kutoa, maana mbegu safi nayo hupita njia hiyohiyo.

Kwa hiyo ukaguzi uanzie kwake. Kabla hajakata pingili, tazameni majani ya chini kama yana manjano kandokando ya mishipa. Kisha ng'oeni mashina machache, pande zote za shamba, mkate mizizi mtazame ndani. Mkikuta madoa, shamba hilo lisitoe mbegu. Na mbegu safi ikifika kijijini, yeye apewe kwanza, aipande mbali na mihogo ya zamani.

Haya, redio ikizimwa, mtu aende akamuulize: bibi, msimu huu umewapa akina nani?