Maji ya kunywa yanaponuka ndani ya baleniere



Kila mmoja wetu aliyekwisha kusafiri kwa baleniere kwenye Lualaba anaijua ile harufu. Siku ya pili ya safari unafungua bidoni ya maji ya kunywa, na harufu ya yai lililooza inakupanda puani. Mtoto anapeleka kikombe mdomoni, anakirudisha. Ukimlazimisha, analia. Ukigeuka kuangalia mizigo yako, yeye anainama pembeni mwa boti na kuteka maji ya mto kwa mkono. Hapo ndipo hatari inapoingia, maana maji yale yamepita kando ya vijiji vyote vya juu pamoja na vyoo vyao, na kipindupindu si mgeni katika Maniema yetu.

Wamama wa kikundi chetu walioteremka Kibombo na mchele na mafuta ya ngazi walirudi na habari hiyo hiyo. Pipa la maji lilinuka tangu asubuhi ya pili, watoto wakalikataa, na wawili kati yao wakaharisha kabla ya kufika. Waliokolewa na maji ya sukari na chumvi ambayo tumefundishana mara nyingi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Wamama walipomwuliza mwenye boti juu ya pipa lake, alijibu kwamba ni harufu tu, haiui mtu.

Tumekaa na jibu hilo, na tunaona lina nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba harufu yenyewe si ugonjwa. Maji yenye kipindupindu yanaweza kuwa meupe, matamu na bila harufu yoyote. Lakini harufu ni alama ya kitu kinachoishi ndani ya chombo, na tena inamfukuza mtoto kutoka kwenye maji ya pipa na kumpeleka kwenye maji ya mto. Kwa hiyo inafaa tujue inatoka wapi.

Tuanze na yai lililooza. Pitisha kidole ndani ya shingo ya bidoni ambayo haijasuguliwa kwa muda mrefu: utasikia utelezi, kama juu ya jiwe la mtoni. Utelezi ule ni vijidudu wengi walioshikana wao kwa wao na kuushika ukuta wa bidoni. Ukimwaga maji ya zamani na kutia mapya, wao hawatoki. Bidoni ikifungwa na kukaa kwenye joto, hewa iliyomo ndani ya maji inakwisha, na vijidudu wengine wanaoishi pasipo hewa wanaanza kutoa ile gesi yenye harufu ya yai. Ndiyo sababu maji yaliyotekwa asubuhi hayanuki, lakini ya kesho yake yananuka. Lawama si ya kisima. Chombo ndicho kilichochafuka.

Harufu ya udongo au ya majani ni jambo lingine. Hiyo mara nyingi inatoka kwenye ukijani unaoota ndani ya bidoni nyeupe inayopitisha mwanga, iliyowekwa juani juu ya mizigo. Ifunike kwa gunia au uiweke kivulini, na ukijani hautapata mwanga wa kuotea. Pipa la chuma nalo linatoa ladha ya kutu. Dawa yake ni kuacha kulitumia kwa maji ya kunywa.

Halafu kuna harufu ambayo hakuna mama atakayeishinda: mazuti, esanse, petroli. Plastiki inakunywa mafuta haya ndani ya ukuta wake, na kila maji utakayotia yatayapokea kidogo kidogo. Tunajua kwamba bidoni mpya ni ghali, na ya zamani ya mazuti inauzwa sokoni kwa bei ndogo. Tunajua pia kwamba muuzaji atakuapia kwamba imeoshwa mara tatu. Mjaribu hivi: tia maji kidogo, funga, iache juani saa chache, kisha fungua na unuse. Jua linatoa siri yote. Ile iliyobeba dawa ya kuua wadudu wa shamba usiinunue hata kama hainuki kitu; toboa kitako chake ili asije mwingine akaichukua. Ya mafuta ya ngazi inaokoka, lakini inataka maji ya moto, sabuni na uvumilivu wa siku mbili.

Sasa kuosha. Tunaomba msomaji asome sehemu hii polepole, na kama anawasomea wengine kwenye mkutano, airudie.

Mwaga maji yote. Tia ndani ya bidoni mikono miwili ya mchanga safi na vijiwe vidogo, sabuni ya unga, na maji ya kufika robo. Funga, kisha tikisa kwa nguvu, igeuze kitako juu, ilaze, itikise tena, hadi mkono uchoke. Vijana wanaweza kuifanya kazi hii kama mchezo. Mchanga ndio unaong'oa utelezi. Javeli peke yake inaua wa juu na kuwaacha walio chini yao. Mwaga, suuza mpaka povu liishe. Usisahau kifuniko na mpira wake: kifungue, ukisugue kwa mswaki wa zamani. Tumeona bidoni safi kabisa zikinuka tena baada ya siku moja kwa sababu ya kifuniko tu.

Baada ya kusugua, jaza maji na utie javeli. Soma karatasi ya chupa. Kama imeandikwa asilimia 5, tia mililita 1 kwa kila lita ya maji: bidoni ya lita 20 inachukua vijiko vidogo 4, pipa la lita 200 linachukua glasi moja ndogo ya mililita 200. Kama nguvu yake ni nusu ya hiyo, tia mara mbili. Pindua bidoni ili maji hayo yaguse pia shingo na kifuniko, iache usiku mzima, asubuhi mwaga na suuza. Maji haya ni ya kuoshea chombo, hayanywewi. Kama harufu ya plastiki mpya inabaki, bikabonati kidogo ndani ya maji ya vuguvugu kwa usiku mmoja inasaidia.

Kuna wanaopenda kusafisha kwa ndimu au siki. Ni nzuri kwa madoa na kwa harufu ndogo. Lakini kamwe usichanganye ndimu au siki pamoja na javeli katika chombo kimoja. Mchanganyiko huo unatoa gesi yenye sumu inayochoma macho na kifua, na ndani ya kibanda cha boti hakuna mahali pa kuikimbilia. Leo ndimu, suuza sana, kesho javeli.

Huko pwani, Zanzibar na Lamu, wanawake walizoea kufukiza mitungi ya maji kwa ubani, na maji yakanukia vizuri. Hatuna neno baya juu ya desturi hiyo. Ila moshi unaofukizwa juu ya utelezi unauficha tu, kama mtu anayejipaka marashi bila kuoga.

Chombo kikiwa safi, bado kuna maji yenyewe. Nyangwe iko juu ya mto, na maji ya Lualaba wakati wa mvua ni rangi ya chai ya maziwa. Ukiyatilia javeli moja kwa moja, javeli inamalizwa na uchafu na kubakiza harufu kali bila kazi. Yaache yatulie usiku mmoja, kisha uyachuje kwa kitambaa. Huko Bangladesh watafiti walifuata vijiji ambamo wanawake walichuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne, na mwaka 2003 wakatangaza kwamba kipindupindu kilipungua karibu nusu. Nguo kuukuu ndiyo bora, maana nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Kila mama ana kikwembe cha namna hiyo. Kiwe cha kazi hiyo tu, kifuliwe na kukaushwa juani.

Baada ya kuchuja, javeli ya asilimia 5: matone 2 kwa lita, yaani matone 40 kwa bidoni ya lita 20. Maji yakibaki na rangi, ongeza mara mbili. Ngoja dakika 30. Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 kinatosha bidoni moja ya lita 20. Baada ya nusu saa harufu ndogo ya javeli inapaswa kubaki. Hiyo ni harufu njema, inaonyesha kwamba dawa bado inalinda. Watoto wakiinung'unikia, acha chombo wazi kidogo chini ya kitambaa safi. Javeli yenyewe inakufa kwa joto na jua, kwa hiyo nunua chupa ndogo na uifiche kivulini. Ile iliyokaa miezi mingi juu ya rafu ya duka ni karibu maji matupu.

Boti kubwa zinazokwenda kati ya Kindu na Ubundu, safari ya kilomita kama 300, nyingine zina tangi lenye tiyo, pompi na robine. Kanuni haibadiliki: kusugua tangi, kutia javeli ya mililita 1 kwa lita, kisha kufungua kila robine mpaka harufu ya javeli itoke, kufunga, na kungoja hadi kesho. Anayesafisha tangi na kuacha tiyo amefanya nusu ya kazi, maana utelezi unapenda tiyo kuliko mahali pengine. Boti ikilala wiki mbili bandarini, tangi liachwe tupu na wazi likauke.

Mji wetu ulikuwa soko la wanawake kabla ya boti hizi kuwapo. Livingstone alipofika hapa mwaka 1871 alikuta zaidi ya watu elfu moja sokoni, wengi wao wanawake, wakivuka mto kwa mitumbwi na bidhaa zao. Soko lile linakumbukwa zaidi kwa mauaji ya tarehe 15 Julai ya mwaka huo, wanawake wengi walipozama wakikimbilia mitumbwi. Hata baada ya hayo wanawake hawakuacha kuvuka. Sisi ndio abiria wengi wa baleniere leo, na nauli zetu ndizo zinazonunua mazuti. Tuna haki ya kumwuliza mwenye boti juu ya maji.

Katika mkutano uliopita tulikubaliana mambo machache. Kabla ya kulipa nauli, mama mmoja kati ya wasafiri atafungua pipa na kunusa. Likinuka, tutaomba lioshwe mbele yetu, na sisi tutatoa javeli. Tutaomba pia pipa liwe na robine, au angalau kata yenye mkono mrefu isiyoguswa na mwingine, kwa sababu vikombe vya abiria wote vinavyotumbukizwa humo ndivyo vinavyorudisha uchafu. Mwenye boti mmoja amekwisha kukubali. Mwingine alicheka, tutamwuliza tena wiki ijayo, tukiwa wengi.

Bidoni za kikundi zimetiwa alama ya rangi nyeupe shingoni: hizo ni za maji tu. Mwenye kuazima azirudishe tupu, wazi, zimelazwa mdomo chini.